Nundu mbili angani, na moja iko juu ya Kwale

Najua nimekuwa kimya, kazi za wateja zilinibana. Leo nimerudi na hadithi ndefu kidogo, kwa hivyo mimina chai ukae vizuri.

Ilianzia Msambweni, Ramadhani ya mwaka 2024. Kuna kikundi cha wavuvi nilichokitengenezea programu ndogo ya simu ya kuwekea alama za baharini: hapa pana mwamba, hapa tumeacha madema, hapa ndipo mlango. Kwa wasioijua pwani yetu: kuanzia Diani kuelekea Msambweni kuna ukuta wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo, na chombo hakiuvuki popote kipendapo. Kinapita mlangoni. Mchana nahodha anauona mlango kwa rangi ya maji. Giza likiingia anautafuta kwa kumbukumbu, na siku hizi kwa simu.

Mzee mmoja wa kikundi akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, hiki chombo chako asubuhi kina akili, lakini jioni kinakuwa kama mtu aliyeshinda na njaa. Jana baada ya magharibi kimeniweka juu ya mwamba, na mimi niko katikati ya mlango, nauona mwamba kwa macho yangu."

Ukiwa mwandishi wa programu unajua kinachofuata: unajilaumu. Nikapitia kila mstari wa programu yangu. Sikuona kosa. Nikalaumu ramani, lakini ramani mbovu hukosea asubuhi na jioni sawasawa. Mwishowe nikachukua kipokezi cha zamani cha GPS, nikakiweka juu ya paa la nyumba, nikakiacha kiandike kilipo kila baada ya sekunde chache tangu alasiri mpaka alfajiri.

Baada ya futari nikafungua faili. Paa lilikuwa pale pale, lakini alama zilikuwa zimetawanyika kama kuku waliomwagiwa mahindi. Kadiri usiku ulivyozidi kuwa mkubwa zikarudi taratibu kukusanyika. Kosa halikuwa kwangu wala kwa mzee. Lilikuwa juu yetu, kilomita 350 hivi angani, na limeanza kuchunguzwa kabla hajazaliwa yeyote kati yetu. Leo basi tuifuate historia yake.

Redio ya babu

Waliolelewa na redio ya mawimbi mafupi watakumbuka. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilitufikia kwa mawimbi hayo. Mchana babu alikuwa na mahali pake kwenye kibao cha redio. Jua likizama anazungusha kitufe, anaacha mita 19 anahamia mita 49, na sauti iliyokuwa ikififia inarudi. Ukimuuliza kwa nini, anasema usiku mawimbi hubadilika. Alikuwa sahihi!

Sababu ni hii. Miale mikali ya jua huzigonga atomi za hewa ya juu kabisa na kuzing'oa elektroni. Elektroni hizo huru hufanya tabaka liitwalo ionosfia, linaloanza kiasi cha kilomita 60 juu ya ardhi na kuendelea kwa mamia ya kilomita. Mawimbi mafupi ya redio yakifika huko hupindwa na kurudishwa chini, ndiyo maana matangazo ya London yaliweza kutua Kwale bila waya. Jua likizama hakuna tena anayeng'oa elektroni mpya, na zile zilizopo huanza kurudiana na atomi. Tabaka hupungua nguvu. Mawimbi yaliyokuwa yakirudishwa mchana sasa hupenya na kupotelea angani, na babu analazimika kuhamia mawimbi marefu zaidi.

Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alipokea ishara ya redio iliyovuka bahari ya Atlantiki, na mwaka uliofuata Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kivyake, wakapendekeza kwamba huko juu lazima kuna kitu kinachopitisha umeme. Uthibitisho ukaja Desemba 1924. Edward Appleton na mwenzake Miles Barnett walitumia mtambo wa BBC uliokuwa Bournemouth, wakabadilisha masafa ya mawimbi kidogo kidogo, na kutokana na namna ishara ilivyopanda na kushuka wakapima urefu wa kioo hicho cha angani. Kazi yake juu ya anga la juu ilimpatia Appleton Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1947.

Nundu mbili

Mwaka mmoja kabla ya tuzo hiyo, 1946, Appleton alichapisha katika jarida la Nature jambo lililoonekana kama kichekesho. Ungetarajia elektroni ziwe nyingi zaidi pale jua linapopiga utosini, yaani ukanda wa ikweta. Lakini vipimo kutoka vituo mbalimbali vya dunia vilionyesha vingine. Penye ikweta ya sumaku palikuwa na bonde. Wingi wa elektroni ulikuwa pembeni, kaskazini na kusini ya bonde hilo. Nundu mbili!

Ikweta ya sumaku si ile ya kwenye ramani. Ni mstari ambapo sindano ya dira ikiachwa huru hulala sawasawa bila kuinama upande wowote. Katika upande wetu wa Afrika mstari huo unapita Ethiopia, karibu na Addis Ababa.

Kinachotokea huko ni kama chemchemi. Mchana umeme wa asili unaotembea kwenye anga la juu, ukishirikiana na sumaku ya dunia, huziinua elektroni na wenzake ioni kwenda juu kwa mamia ya kilomita. Zikishafika juu huanza kuteremka, lakini haziwezi kuteremka wima. Zinafuata mistari ya sumaku kama maji yanavyofuata mfereji, na mistari hiyo hupinda kuelekea kaskazini na kusini. Zinamwagika pande zote mbili, kwa kawaida karibu digrii 15 kutoka ikweta ya sumaku, siku nyingine karibu zaidi na siku nyingine mbali zaidi.

Sasa chukua ramani. Kutoka Addis Ababa mpaka Diani ni kiasi cha kilomita 1,500 kuelekea kusini. Kwa kipimo cha sumaku tunakuwa digrii 13 na kitu kusini ya mstari. Nundu ya kusini, basi, haiko mbali kwa watu wengine. Huhama kila siku, mara inarudi kaskazini kidogo, mara inasogea juu ya Tanzania, lakini njia yake inapita juu ya paa za Kwale. Maji yanapandishwa Ethiopia, yanamwagwa kwetu.

Kuitazama kutoka juu

Mpaka hapo wanasayansi walikuwa wakiitazama ionosfia kutoka chini, kama panya anayejaribu kujua umbo la dari. Redio ya ardhini huona tabaka mpaka pale palipo na elektroni nyingi zaidi. Kilicho juu ya hapo kimefichwa.

Sputnik 1 ya Wasovieti, iliyorushwa tarehe 4 Oktoba 1957, ilibadilisha mambo. Dunia inakumbuka mlio wake wa bip-bip. Wanasayansi walitambua haraka kwamba mlio ule ulikuwa umepita ndani ya ionosfia kabla ya kufika sikioni, na kwamba mabadiliko yake njiani yangeweza kuwaambia kuna elektroni kiasi gani.

Hatua kubwa zaidi ilitoka Canada. Alouette 1 ilirushwa tarehe 29 Septemba 1962, ikazunguka kilomita 1,000 juu ya dunia ikiwa na redio ya kupiga mwangwi kuelekea chini. Kwa mara ya kwanza watu waliona dari kutoka juu ya paa. Rekodi zilizopokelewa Singapore zilionyesha tao la elektroni limekaa juu ya ikweta ya sumaku, likiwa limefuata mistari ya sumaku pande zote mbili. Nundu za Appleton zikapata picha.

Lakini Alouette 1 haikuwa na mkanda wa kuhifadhi data. Ilisema ilichokiona papo hapo, na kama chini yake hapakuwa na kituo cha kusikiliza, maneno yakapotelea hewani. Tangu siku hizo setilaiti ilipita juu ya kila mtu, lakini iliyajua vizuri zaidi maeneo yenye antena. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

Roketi za Ungwana

Wengi wetu pwani tumesikia habari za Wataliano wa Malindi na roketi zao, lakini si wengi wanaojua walikuwa wakitafuta nini. Mradi uliitwa San Marco na kiongozi wake alikuwa Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Wataliano walitaka uwanja ulio karibu na ikweta, wakaweka majukwaa baharini katika ghuba ya Ungwana, kaskazini ya mji wa Malindi. Kutoka Msambweni mpaka pale, ukipima kwa njia ya ndege, hazifiki kilomita 200.

Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa hilo kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Mzunguko wake ulilala karibu sawasawa na ikweta. Ilibeba kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kupima hewa nyembamba ya juu kwa mizani aliyoibuni Broglio mwenyewe. Ya pili ilikuwa redio iliyotuma mawimbi mpaka ardhini ili kupima elektroni za njiani. Yaani ile kazi ya kuhesabu elektroni za angani, inayoonekana kama mambo ya Houston na Moscow, ilifanyiwa kwenye maji yetu, hata miaka minne haijatimia baada ya uhuru wa Kenya.

Mpaka mwaka 1988 setilaiti 9 zilikuwa zimeondoka pale. Maarufu kuliko zote ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, na ikapewa jina la Kiswahili kwa heshima ya siku hiyo. Ya mwisho ilikuwa San Marco 5, tarehe 25 Machi 1988, iliyobeba vyombo vya kupima upepo, umeme na mwendo wa ioni kwenye anga la juu la ikweta. Yaani ilitumwa kuichunguza chemchemi yenyewe. Desemba mwaka huo huo ikaanguka na kuungua hewani, kama setilaiti zote za chini zinavyofanya. Tangu hapo hakuna setilaiti nyingine iliyorushwa kutoka Ungwana.

Namba 8 zilizo mfukoni mwako

Sasa turudi kwenye simu ya mzee. GPS hupima umbali kwa kupima muda: setilaiti inasema nimetuma saa fulani, simu inasema nimepokea saa fulani, tofauti inazidishwa kwa mwendo wa mwanga. Elektroni za ionosfia zikiichelewesha ishara hata kidogo, simu inadhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo.

Kidogo ni kiasi gani? Wanasayansi huhesabu elektroni zote zilizo ndani ya nguzo yenye upana wa mita 1 ya mraba, kutoka ardhini mpaka kwenye setilaiti. Kipimo kimoja ni elektroni 10,000,000,000,000,000, yaani 1 ikifuatiwa na sufuri 16. Kila kipimo kimoja huongeza sentimita 16 za uongo kwenye masafa ya kawaida ya GPS, megahezi 1,575.42. Usiku mtulivu vipimo vinaweza kuwa chini ya 10, ambavyo ni mita 1 na kitu. Chini ya nundu, mwaka ambao jua lina nguvu, vinaweza kupita 100. Hiyo ni mita 16, tena kwa setilaiti iliyo utosini. Iliyo karibu na upeo ishara yake hupita tabaka kimshazari, na kosa huongezeka maradufu au zaidi.

Wamarekani walilijua tatizo hili tangu walipokuwa wakiijenga GPS. John Klobuchar, mtafiti wa jeshi lao la anga, akabuni dawa rahisi. Kila setilaiti ya GPS hutangaza, pamoja na habari zake nyingine, namba 8. Kipokezi huziingiza kwenye fomula fupi na kupata makisio ya ucheleweshaji. Kwa sisi waandishi wa programu fomula hii inapendeza: inatosha kwenye ukurasa mmoja. Usiku inachukulia ucheleweshaji ni nanosekunde 5 tu, sawa na mita 1.5. Mchana inachora mlima mmoja laini ambao kilele chake kimeandikwa humo moja kwa moja: sekunde 50,400 tangu usiku wa manane, yaani saa nane mchana. Lengo lake lilikuwa kuondoa kiasi cha nusu ya kosa, na kwa kompyuta ndogo za miaka ya 1970 hiyo ilikuwa kazi nzuri sana.

Kwa muda mrefu hakuna raia aliyejali nusu iliyobaki, kwa sababu Marekani ilikuwa ikiharibu ishara ya raia kwa makusudi na kosa lilifika mita 100. Uharibifu huo ulizimwa Mei 2000. Kuanzia hapo, kwa kipokezi cha masafa mamoja, ionosfia ikawa adui nambari moja.

Usiku ule, baada ya kuzichungulia alama za paa langu, nikaifungua fomula ya Klobuchar na kuisoma mstari kwa mstari. Nikaona kitu ambacho sikuwahi kukifikiria. Kati ya zile namba 8, nne ndizo zinazoamua kilele kiwe kirefu kiasi gani kulingana na umbali wako kutoka ikweta ya sumaku. Namba nne, maana yake mlinganyo wa kipeo cha tatu. Hebu kumbuka hisabati ya shule: mchoro wa kipeo cha tatu unaweza kuwa na mlima mmoja na bonde moja, basi. Hauwezi kupanda, kushuka, kisha kupanda na kushuka tena.

Kwa maneno mengine, fomula iliyo kwenye simu haina uwezo wa kuchora nundu mbili. Hata ukiipa namba gani! Wale ngamia wanaopandisha watalii ufuoni Diani wana nundu moja, na fomula inamjua ngamia huyo tu. Anga letu ni ngamia wa nundu mbili. Appleton alilichapisha jambo hili 1946, Alouette ikalipiga picha miaka ya 1960, na bado kipokezi cha bei nafuu mkononi mwa mvuvi wa Msambweni kinatumia mchoro ambao hauna mahali pa kuiweka nundu iliyo juu ya kichwa chake.

Sisemi Klobuchar alikosea. Alikuwa na nafasi ya namba 8 na akachagua kinachowafaa watu wengi. Ila tukumbuke kwamba ukibana dunia nzima ndani ya namba 8, lazima kuna mtu atakayebanwa zaidi.

Mapovu ya tanga mbili

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililotawanya alama zangu baada ya futari. Jua likizama, sehemu ya chini ya ionosfia hupoteza elektroni haraka, ilhali ya juu bado ni nzito. Kizito kimekaa juu ya chepesi. Mimina mafuta ya nazi kwenye chupa, ongeza maji juu yake, uone: mafuta hayatulii, yanapenya kwenda juu kwa matone. Angani pia hewa iliyopungukiwa elektroni hupenya kwenda juu kama mapovu, yakajinyoosha kwenye mistari ya sumaku kaskazini na kusini mpaka kwenye nundu. Ishara ya setilaiti ikipita kwenye kingo za mapovu hayo humeta na kutetemeka, kama taa ya ng'ambo inavyometa juu ya maji. Kipokezi kikizidiwa, kinaipoteza setilaiti kabisa.

Kwa upande wetu mapovu huwa mengi zaidi karibu na Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, wakati usiku na mchana unapokaribia kulingana. Majira hayo ncha zote mbili za mstari wa sumaku huingia gizani kwa pamoja, na chemchemi hupata msukumo wa mwisho wa jioni. Mabaharia wa pwani watayatambua majira hayo kwa jina lao: ni karibu na tanga mbili, kati ya kaskazi na kusi, upepo usipojua unatoka wapi. Kumbe hata juu kabisa nako kuna tanga mbili yake.

Setilaiti ya Kimarekani C/NOFS ilitumwa mwaka 2008 kuyafuatilia mapovu haya na ikafanya kazi hiyo mpaka ilipoanguka mwaka 2015. Setilaiti tatu za Ulaya ziitwazo Swarm, zilizorushwa Novemba 2013, zilijikuta zenyewe zikipoteza GPS yao zikikatiza mapovu hayo eneo la ikweta. Vipimo vya kutoka angani vimeonyesha pia kwamba anga la Afrika lina mapovu mengi, na kwamba tabia yake haifanani na ya Amerika ya Kusini, ambako vyombo vya ardhini vimekuwepo kwa miongo mingi.

Nani anatutazama?

Hapa ndipo lile jambo la Alouette linarudi. Mwaka 2018 Marekani iliweka chombo kiitwacho GOLD kwenye setilaiti iliyotulia juu ya Brazili, digrii 47.5 magharibi. Kinapiga picha nzuri sana za nundu zote mbili, usiku hadi usiku. Nikapiga hesabu: kutoka pale upeo wake unaishia karibu digrii 34 mashariki. Kwale iko digrii 39.5. Tuko nyuma ya ukingo, hatuonekani.

Si kwamba tumesahauliwa kabisa. Setilaiti 6 za COSMIC-2, mradi wa Taiwan na Marekani uliorushwa Juni 2019, huzunguka ukanda wa tropiki na kupita juu yetu, zikisikiliza GPS inavyopindwa ukingoni mwa dunia na kuhesabu elektroni kutoka juu mpaka chini. Kule Malindi, kwenye kituo cha anga chenye jina la Broglio, kuna kipokezi cha kudumu kilicho katika mtandao wa kimataifa wa IGS, na watafiti wengi wa ionosfia ya Afrika Mashariki hutumia data zake. Watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, wamechapisha vipimo vya elektroni na vya kumeta kwa ishara, na kuonyesha mahali ambapo mifano ya kimataifa haikubaliani na anga letu.

Lakini tazama ramani tena. Malindi na Kilifi ziko kaskazini mwetu, na nundu ikisogea kusini inavipa vituo hivyo mgongo. India, iliyo chini ya nundu ya kaskazini, ilipojenga mfumo wake wa kuongozea ndege uitwao GAGAN haikuridhika na mifano ya ng'ambo. Ilitawanya vituo vyake na kubuni njia yake ya kukisia ionosfia. Hilo ndilo somo ninalolichukua. Setilaiti inaweza kupita juu yako mara kumi kwa siku, lakini anga lako halitaingia kwenye hesabu vizuri mpaka uweke sikio chini yake. Antena moja juu ya paa la shule Msambweni au Lunga Lunga, yenye masafa mawili na intaneti ya kawaida, ingetosha kuanzia.

Nilivyomjibu mzee

Kwanza habari njema. Ucheleweshaji wa ionosfia hutegemea masafa. Kipokezi kikisikiliza masafa mawili kwa pamoja, kinalinganisha na kulitoa karibu lote kosa hilo bila kuhitaji namba 8 za mtu yeyote. Simu za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 2018, kwanza Xiaomi Mi 8, na sasa ni nyingi. Ukinunua simu ya kazi ya baharini au ya kupimia shamba, uliza kama GPS yake ni ya masafa mawili, L1 na L5. Swali hilo litakufaa kuliko la kamera.

Habari isiyo njema ni kwamba mapovu hayasikii dawa hiyo. Setilaiti ikipotea imepotea, masafa mawili au kumi.

Kwa hivyo nilibadilisha programu. Zamani iliweka nukta moja nyekundu, kana kwamba ina uhakika. Sasa inachora duara, na jioni za tanga mbili duara linakuwa pana. Duara likigusa mwamba, simu inalia. Nilikwenda Msambweni kumwonyesha mzee, nikamweleza habari za Ethiopia, chemchemi na nundu, nikimchorea kwa kidole mchangani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani," akasema, "chombo sasa kinakiri kwamba hakijui."

"Ndiyo, mzee."

"Basi sasa nitakiamini."

Halafu akanionyesha minazi miwili ufuoni ambayo ikisimama mstari mmoja machoni, uko mlangoni. Nimeiweka nayo kwenye programu.

Tuonane tena hivi karibuni, inshallah.